Mafuta Hayakazi Ngozi

Vidole gumba vyangu vimekataa kazi. Vilianza kwa kuuma asubuhi tu, vikaendelea kuuma mchana kutwa, na mwaka huu vimekakamaa kabisa, hata kufungua chupa ni mpaka niombe mtu. Mkandaji asiye na vidole gumba ni mtu tu aliyekaa kwenye mkeka. Kwa hiyo mkeka nimewaachia Neema na Esperansi, ambao ndio wanaofanya kazi sasa katika chumba chetu cha kina mama hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Wao ndio walioniomba niandike, na walichotaka ni mapishi ya mafuta. Nimekataa. Mapishi ni mambo ya dakika tano, nitawaambia kwa mdomo. Nitaandika yale ambayo nilichelewa kuyajua, na moja nililolijua nikalinyamazia.

Kazi hii niliianza kwetu Kindu, Kongo, kwa shangazi yangu Bibi Asha, aliyekuwa akikanda wanawake waliojifungua. Siku ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mtu. Alinipa donge la unga wa muhogo, akaniambia nilikande nikiwa nimefumba macho mpaka nisisikie hata chembe ngumu. Nilikanda donge siku nne. Siku ya tano akanipa tumbo la jirani yetu, akasimama nyuma yangu na kunipiga begani kila nilipobonyeza kwa pupa. Tulitumia mawese ya uvuguvugu, kutoka chini kwenda juu, kisha kitambaa kirefu cha kufunga kiuno. Shangazi aliamini kwamba mawese hukaza ngozi, nami niliamini, kwa sababu kila mwanamke aliyemkanda alikuwa amekaza baada ya miezi kadhaa. Hatukuwahi kujiuliza habari za wale ambao hawakukandwa na mtu yeyote, na ambao walikaza vilevile.

Nilipofika Dzaleka nilikuwa na watoto watatu, sufuria moja na mikono yangu. Wanawake wa Maniema, mkoa wetu, walimjua shangazi kwa sifa, kwa hiyo kazi ilianza wiki ileile, chini ya turubai. Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Silasi. Alikuwa Mnyarwanda aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya kwao kama kine, yaani mtu wa kuwanyoosha wagonjwa viungo na kuwafanyisha mazoezi. Kambini aliwasaidia waliopooza. Alinuka mentoli kiasi kwamba ulijua amepita hata kama hukumwona.

Siku hiyo alikuwa akipita nje, akanisikia nikimwahidi mteja kwamba mafuta yangu yatamrudishia ngozi ya ujana. Akakohoa, akasema kupitia turubai, "Mama, mafuta inalainisha ngozi. Haiikazi."

Mteja wangu alicheka. Mimi nilikasirika. Kesho yake Mzee Silasi alikuja na kuku wawili walionyonyolewa, mmoja mchanga na mwingine jogoo mzee, ambao familia mbili zilikuwa zimemwazima kwa sharti awarudishe kabla ya saa ya kupika. Akavuta ngozi ya yule mchanga, ikarudi. Akavuta ya jogoo, ikabaki imesimama. Kisha akachukua kisu, akanionyesha nyuzi nyembamba zilizo chini, zile zinazoishika ngozi na kuirudisha mahali pake. Akapaka mafuta juu na kuniuliza kama nayaona yakifika kwenye zile nyuzi. Hayakufika.

Aliniambia kwamba mtu akikaa mnene miaka mingi, nyuzi hizo huchoka na nyingine hukatika. Kinachoamua zitarudi kiasi gani ni umri, miaka ya unene, mimba, jua, sigara na haraka ambayo mtu amepungua nayo. Unachoweza kufanya ni kupungua polepole, kula vitu vya kujenga mwili, kujaza misuli chini ya ngozi ili iwe na cha kushikia, na kungoja. Si kungoja wiki mbili. Mwaka, hata miwili. Kinachobaki baada ya hapo ni kazi ya daktari mwenye kisu, au ni mali yako.

Nikamuuliza basi mikono yangu ni ya kazi gani. Alifikiri kidogo, akasema ni ya kumfanya mtu akubali tena kuugusa mwili wake. Akaongeza kwamba hiyo si kazi ndogo, akaondoka mbio kurudisha kuku.

Nilifanya kazi naye miaka kadhaa. Walikuja waliopungua kwa sababu ya presha, kwa sababu ya sukari, kwa sababu ya uzazi. Wapo pia waliopungua kwa sababu mgao wa chakula kambini ulipungua, lakini hao hawakuja kuuliza habari za ngozi. Nilijifunza kutazama kabla ya kugusa. Nilijifunza kuinua mikunjo ya tumbo na kunusa bila kukunja uso, kwa sababu kidonda cha kwenye mkunjo hujulikana kwa harufu kabla ya macho. Mikunjo inataka kuoshwa, kukaushwa vizuri na kuwekewa kitambaa safi cha pamba. Haitaki poda ya manukato, na hata wateja wakisema poda ndiyo usafi, msiwasikilize.

Baadaye mwanamke mmoja wa Lilongwe, aliyekuwa amekuja kununua vitu sokoni kwetu, alikandwa mgongo na kwenda kunisifu mjini. Nikaitwa katika saluni moja ya huko, mtaa wa Area 36. Nilikodi kitanda katika mtaa wa Mtandire, nikawa ninaondoka kambini Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Sikuwa na karatasi ya kuniruhusu kufanya kazi mjini. Wengi wetu hatukuwa nayo.

Mwenye saluni tulimwita Madamu. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwerevu, asiyepaza sauti. Siku yangu ya kwanza alinipa aproni ya waridi na kuniambia kwamba mteja akiuliza, niseme nimetoka Afrika Kusini, maana watu hawapendi kupakwa mafuta na mkimbizi. Mteja wa kwanza aliuliza. Nilimwambia ninatoka Kindu. Alidhani ni mtaa wa Johanesibagi, kwa hiyo sote tulibaki na amani.

Saluni ilisifika kwa kitu kilichoitwa kufunga moto. Mteja aliyepungua na ngozi ikalegea alipakwa krimu nyekundu yenye pilipili na tangawizi, akazungushiwa nailoni ya kufungia chakula tumboni, mapajani na mikononi, kisha akafunikwa blanketi saa nzima. Alipimwa kwa futi ya fundi kabla na baada, na kweli sentimita zilikuwa zimepungua. Lilikuwa jasho. Akifika nyumbani na kunywa maji, sentimita zinarudi kabla hajavua viatu. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nililifanya miaka miwili. Kazi ilikuwa kazi, watoto walikuwa shuleni, na wateja waliondoka wakitabasamu. Ninaandika sababu hizo ili mzijue, sizitumii kujificha.

Halafu akaja Mama Riziki.

Alikuwa mwanamke wa Uvira, muuza vitenge hapa kambini, aliyekuwa akiujaza mlango anapoingia. Alipogunduliwa kuwa na kisukari, walimwambia kliniki apunguze mwili, naye akapunguza kama mtu aliyetukanwa. Kila asubuhi alitembea mpaka barabara ya lami na kurudi. Nsima, ugali wa huku, akaikata nusu, soda akaiacha kabisa. Katika mwaka na miezi michache alipoteza zaidi ya theluthi ya mwili wake, na sukari ikatulia. Badala ya kumpongeza, watu waliitazama ngozi iliyoning'inia mikononi na shingoni, wakaamua kwamba ana ule ugonjwa. Wateja wake wakaacha kunywa maji katika kikombe chake.

Alikuja saluni bila kujua kwamba nipo. Nilipofungua pazia tukatazamana.

"Mama Zakia, we njo unafanyaka kazi hapa?" akasema, akakaa kitandani kana kwamba mzigo umemtoka. Akaniambia kwamba sasa haogopi, kwa kuwa amekuta mtu wa kwao. "Mi nataka hii ngozi ikaze tu. Minapunguza juu ya sukari, lakini bantu banasema ingine kitu. Batoto yangu banasikia."

Nilimvua nguo nikamtazama. Chini ya mkunjo wa tumbo ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, ina majimaji. Nilimfunika, nikatoka nikamwambia Madamu kwamba mteja huyu ana kisukari na ngozi yake imeshafunguka, hafai kufungwa moto. Madamu alisema bila kupandisha sauti kwamba mteja ametoka mbali, kwamba nisipake sana mahali penye wekundu, na kwamba kama kazi imenichosha wapo wengine wanaoitaka.

Nilirudi ndani nikamfunga.

Baada ya kama dakika ishirini alisema inachoma sana. Tulikuwa tumefundishwa jibu la lalamiko hilo. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, kwamba kuchoma ndiyo dalili ya kukaza. Alinishukuru, akauma meno. Nilipomfungua, mapema kidogo, malengelenge yalikuwa yamepanda kuanzia kiunoni mpaka kinenani.

Siku ya nne habari zikanifikia kwamba Mama Riziki amelazwa hospitali mjini, kidonda kimeoza pembeni na sukari imepanda. Madamu alizisikia pia. Aliniita nyuma, akaniambia mtu akiuliza niseme kwamba yule mama alijikanda kwa maji ya moto nyumbani kwake, baada ya kutoka kwetu. Nilisema sawa. Nikaenda rafuni, nikatia kopo moja la ile krimu katika mkoba wangu, nikatoka kwa mlango wa mbele na aproni ya waridi ikiwa bado mwilini.

Wodini nilimkuta tabibu kijana akibadilisha bendeji. Mama Riziki alikuwa ameshawaambia mwenyewe kwamba ni maji ya moto. Aliona aibu kusema alikwenda kutafuta urembo. Nilitoa kopo nikaliweka mbele ya tabibu, nikamweleza kwa Kichewa changu cha sokoni tulichopaka, kwa muda gani, na kwamba ngozi ilikuwa imechubuka kabla hatujaanza. Aligeuza kopo akitafuta maandishi ya viungo. Hakukuwa na kitu isipokuwa picha ya ua. Akauliza nani aliyempaka.

"Mimi," nikasema.

Mama Riziki alinitazama kutoka kwenye mto. "Juu ya nini unajitupa hivi?"

"Juu nilijua," nikamjibu.

Aligeuza uso ukutani, na alikuwa na haki. Tabibu alikiosha kidonda upya, akaandika mambo mengi katika faili, akanisihi nikae. Nilikaa mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, bila kuambiwa neno na mtu niliyekuja kumwona.

Nilirudi Area 36 kuchukua viatu vyangu, maana nilikuwa nimetoka na ndala za kazini. Madamu alikuwa ameshajua. Akaniambia kazi sina, na kwamba akitaka atawapelekea wahusika jina langu, waje waone mkimbizi anayefanya kazi mjini bila karatasi. Niliogopa, sitawadanganya. Lakini nilimwambia aende, na akifika awaeleze pia alichonipa nipake, maana kopo sasa liko hospitali. Nikavua aproni, nikaikunja vizuri kama tulivyofundishwa, nikaiweka juu ya kaunta. Sijui kama alikwenda. Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka Mtandire, nikakunja godoro, nikarudi kambini na minibasi ya mchana.

Nilimwendea Mzee Silasi nikitarajia anifariji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Basi usiniambie tena habari ya Madamu. Mikono ilikuwa ya nani?"

Mwezi mzima hakunipa mgonjwa hata mmoja. Nilibeba maji yake, nilifua mataulo, nilishika miguu ya waliopooza wakati yeye akiinyoosha. Niliporudi kwenye mkeka nilikuwa na sheria moja ambayo sikuivunja mpaka vidole vilipokufa: mteja anaambiwa ukweli kabla hajavua nguo.

Mama Riziki alikaa hospitali wiki nyingi. Ngozi ilifunga, ikaacha kovu pana linalong'aa. Siku moja asubuhi nilimwona amesimama mlangoni kwetu na fimbo ya kutembelea. Nilisimama. Sikujua kama amekuja kunitukana, na nilikuwa nimeshaamua kutojibu.

"Sasa uniambie ile yenye ulipashwa kuniambia ule siku," akasema.

Nikamwambia yote. Kwamba mikono na mapaja vinaweza kukaza kiasi, tumbo kidogo, shingo sijui. Kwamba itachukua zaidi ya mwaka. Kwamba mimi sitakaza kitu, ni yeye. Alifikiri, akauliza tunaanza lini.

Tulianza na kuketi na kusimama kwenye benchi, mara nane, akishika bega langu. Kovu lilipokuwa imara tukaongeza chupa za maji mikononi, kisha madumu madogo, kisha makubwa. Kila mara alipima sukari kwanza. Alikula maharage, mayai alipoyapata, usipa, dagaa wa huku, kila wiki. Fundi alimshonea mkanda mpana wa pamba wa kuinua tumbo anapotembea, usibane, ushikilie tu, na kitambaa kikavu chini yake. Mimi nilimkanda baada ya mazoezi, na miezi ya kwanza alifumba macho ili asione ninachogusa. Mwezi wa tano akafumbua. Mwezi wa saba akaanza kujipaka mwenyewe, akinikosoa.

Majirani walizoea kumwona akipanda kutoka bombani na dumu kila mkono, hapumziki njiani. Baada ya mwaka na nusu mikono yake ilikuwa na umbo, mapaja yalikuwa yamejaa, na uvumi wa ugonjwa ulikufa kwa kukosa chakula. Tumbo lilibaki lilivyo. Hospitali walimwambia kwamba mkunjo ule unaweza kukatwa ukiendelea kutoa vidonda, na kwamba wanaotaka urembo tu watangoja nyuma ya wagonjwa. Alisema mkunjo wake sasa ni mkavu na vidonda vimemtosha, watangulie wenye shida.

Mwaka jana kikundi kimoja cha kina mama hapa kambini kilimwalika muuzaji kutoka mjini. Alikuja na mkoba wa makopo na simu yenye picha za wanawake kabla na baada. Ukumbi ulijaa wanawake. Alizungumza vizuri, Kiswahili safi, akasema makopo matatu yanatosha kurudisha ngozi iliyolegea. Niliinua mkono nikamuuliza ndani ya kopo kuna nini. Akasema ni siri ya kampuni. Watu wakanigunia, wengine wakasema ninalinda biashara yangu. Nilikuwa bado nimesimama, nikitafuta maneno, Mama Riziki aliponipita akaenda mbele.

Hakugombana na mtu. Alifungua blauzi, akateremsha kitenge mpaka kiunoni, akasimama hivyo mbele ya wanawake wote wa kambi, kovu na mkunjo na mikono yake.

"Hii njo ngozi yangu," akasema. "Hapa njo pale walinifunga moto ili ikaze. Mi niko na miaka makumi tano na mbili. Sukari yangu iko muzuri, na balo ya vitenge ninabeba mi mwenyewe. Ngozi ya tumbo imekataa kurudia. Ikatae."

Alikaa hivyo muda wa kutosha kila mtu aone, hata waliokaa nyuma. Kisha msichana mmoja aliyejifungua karibuni akauliza, kwa sauti ndogo, mikono ile aliipataje. Mama Riziki akamwita mbele, akamshikisha msuli wake. Mwingine akaja kushika. Muuzaji alipoanza kuyarudisha makopo katika mkoba, hakuna aliyekuwa akimtazama.

Asubuhi iliyofuata walikuja kumi na wanne, na chumba chetu kinaingiza kumi. Neema, Esperansi, mlikuwepo. Nilisema wanne warudi kesho, mkakataa, mkawatoa nje uwanjani na madumu yao, mchana kweupe, mikono na matumbo yakicheza ndani ya nguo. Wanaume waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Mama Riziki aliwaambia watazame, kisha akawahesabia wanawake kwa sauti, moja mpaka nane, akaanza upya.